Kete Kumi na Sita Ulizoondoka Nazo

Baba Kandida,

Hujambo huko? Najua, marehemu haulizwi kama hajambo, lakini nimekuamkia hivyo kila asubuhi miaka yote na mdomo umeshazoea. Sisi wazima. Kahawa tumeuza, baridi ya Matiri bado inauma, na wenzako wamekuja kucheza bao kama kila mwaka. Wamekuja wote watatu. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia, maana umetuletea balaa, baba, na wewe mwenyewe hukuwepo kulitatua.

Kwanza habari za nyumba. Tumehamia kijiji kipya, kule chini kando ya barabara, kila kaya na kiwanja chake, nyumba zimepangwa mstari. Nilinuna, unanijua. Lakini ule mlango uliouchonga sikuuacha. Waliniambia milango nitapata hukohuko, nikawauliza, kwa fundi gani? Vijana wakaubeba. Sasa nyumba ndogo, mlango mkubwa, watu wakipita wanacheka. Waache wacheke. Na bao lako la mninga nililibeba kichwani mwenyewe, sikumpa mtu.

Haya, wageni. Jumamosi alitangulia Bwana Shabani kutoka dukani kwake Mbinga mjini, na sukari kidogo aliyonifichia, na kisu chake cha kuchinjia kuku. Hajasahau mwaka ule ulipojitia kuchinja wewe, yeye akashindia maharage siku mbili. Akafuata Mwalimu Kapinga kutoka Mpepai na tai yake shingoni, utadhani anakuja kukaguliwa. Amosi wa Liuli ndiye wa mwisho, juu ya lori, na samaki wake aina ya mbasa kwenye kikapu, nguo zote zinanuka ziwa. "Pole, shemeji." "Pole sana, shemeji." Wakakaa kwenye mkeka, na pale pako pakabaki wazi. Hakuna aliyepasogelea. Nikaenda jikoni nikalia kwenye moshi, ili wakiniona macho mekundu waseme ni kuni mbichi.

Nikwambie kweli, nilikuwa naogopa. Kandida yuko kwa mumewe, na siku hizi mbili ndizo nyumba yangu inajaa kelele za watu wazima wanaogombana kama watoto. Mwalimu alishasema palepale msibani kwamba mwenye bao akiondoka, mchezo nao umekwisha, au basi uhamie kwake. Uhamie Mpepai! Na mimi nimpikie nani? Nilijua wakikosa kuja mwaka mmoja tu, nimewapoteza.

Basi baada ya chai Shabani akafungua mfuko wake, akamwaga kete zake kumi na sita. Mwalimu zake. Amosi zake. Halafu wote wakanitazama mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mungu wangu! Koti!

Lile koti la kijivu, Baba Kandida. Lenye mfuko wa ndani ulioushona mwenyewe ili watoto wasizichukue kete zako. Ndilo nililokuvalisha, kwa sababu ndilo lililokupendeza, nikakufunga na vifungo vyote mpaka juu. Umelala nazo huko mlimani, na sisi tuko huku tunatazama mashimo.

Nikawaambia. Amosi akatazama dari. Kisha Shabani akaanza kucheka polepole, tumbo likatikisika, akasema, "Huyu bwana! Hata huko ameona atawakosa watu wa kuwafunga bila kete zangu!" Tukacheka mpaka Mwalimu akavua tai.

Lakini kicheko kilipoisha, sheria ilikuwa palepale, na sheria ni yako. Shabani alizileta zile komwe, mbegu tunazozifanya kete, kutoka kwao Lindi, ngumu, za kijivu, huku kwetu hazioti, na wewe ndiye uliyesema zigawanywe kila Jumapili jioni kwa watu wanne, kila mtu aende na zake, ili mwakani mchezo usiwezekane mpaka wote mmerudi. Kete za kuazima marufuku. Mwaka ule Amosi alipozisahau Liuli, mlikaa siku mbili mnakula na kutazama bao tupu, ukakataa hata punje ya mahindi. Ukajiona hakimu! Sasa Mwalimu akasafisha koo, akasema kwa huzuni ya kweli, simlaumu, "Shemeji, marehemu mwenyewe ndiye ametufungia. Tule, tumwombee, tuagane."

Tuagane.

Basi nikaenda jikoni nikachukua lile kopo la maharage. Unalijua kopo gani. Lile la masika, mvua ikinyesha na kazi ya useremala imesimama, tukikaa mimi na wewe barazani tunacheza kwa maharage makubwa yenye madoa, na mimi nakufunga. Nakufunga! Ukaniomba nisiwaambie wenzako, nikakutunzia siri yako mpaka kaburini. Nisamehe, siku hiyo siri ilitoka. Nikahesabu maharage kumi na sita, nikakaa pale pako, nikayaweka mbele ya wanaume watatu.

Mwalimu akasema, "Shemeji, kete za kuazima..."

Nikamwambia, "Nimeazima kwa nani? Kwa hizi nimefunga watu."

"Umemfunga nani?"

"Mwenye koti."

We! Ungewaona. Amosi alipiga kofi paja lake mwenyewe akajiumiza. Mwalimu akamgeukia Shabani, maana komwe ni zake. Shabani akaokota harage moja, akaligeuzageuza, akasema, "Sheria inakataa kete zisizo na mwenyewe. Hizi mwenyewe si huyu amekaa? Shemeji, anza."

Nikaanza na Mwalimu. Akanichezea kwa huruma, kama anayemshika mtoto mkono kuvuka barabara. Nikamwacha ajaze nyumba yake, lile shimo kuu, anone, atabasamu. Halafu nikaingia kutoka kushoto, nikaila nyumba nzima, nikazunguka, nikala tena, mpaka mstari wake wa mbele ukabaki mtupu kabisa. Akatazama mashimo kama mtu aliyeibiwa kuku mchana. Shabani akapiga kelele, "Jamani, anacheza kama marehemu!" Nikasema moyoni, marehemu ndiye aliyekuwa anacheza kama mimi.

Mwenyekiti wa kijiji alipita kuuliza huu ni mkutano wa nini, wakati wa kujenga taifa. Jioni alikuwa bado yumo ndani, anamshauri Amosi vibaya, na mkononi ana kichwa cha mbasa wangu.

Jumapili jioni tukagawana, kila mtu akichota bila kutazama, kama ulivyotaka. Komwe na maharage vimechanganyika sasa. Mwalimu kaondoka na maharage sita, kayafunga kwenye leso. Amosi nimemwonya, akiyachemsha na samaki, atajua mimi ni nani. Mimi nimepata komwe kumi na maharage sita, nimeyashonea mfuko kwenye gauni langu la kanisani, upande wa ndani. Wakaniaga mlangoni, kwenye mlango wako, na Mwalimu ndiye aliyesema, "Mwakani, shemeji, hapahapa. Nina deni la kulipa kisasi." Nikawapungia mpaka lori likapotea kwenye kona. Nyumba ikanyamaza, lakini haikunyamaza vibaya.

Sasa nisikilize, Baba Kandida. Sheria yako na wewe inakubana. Unazo kumi na sita, na peke yake hazichezi kitu. Usikubali kuazima za mtu yeyote huko. Vaa koti lako, tulia. Sisi tutakuja mmoja mmoja, kila mtu na zake, na mimi nakuahidi nitakuja na zangu. Ila usinisubiri mlangoni, maana sina haraka. Kuna kahawa ya kupalilia, na Mwalimu nataka kumfunga miaka mingine mingi.

Lala salama, mume wangu. Na siku nikifika, ole wako nikukute umeshaanza na mwanamke mwingine anayejua kucheza.

Mama Kandida