Mkono Kifuani Kabla ya Mtupo

Jumapili, 6 Oktoba
Wiki ya tatu ya ndoa! Mlingoti — ndivyo mashabiki wanavyomwita mume wangu — miguu yake inapita kitanda, nimeiwekea stuli. Asubuhi nililaza sikio kifuani pake. Moyo unapiga, unapiga, unaruka, kimya, kisha mbio! Nikamwambia unaniimbia. Akacheka: wewe ndiye unayeufanya hivyo.

Ijumaa, 18 Oktoba
Ligi ya mpira wa kikapu imeanza. Tumeshinda! Pointi ishirini na sita, zake peke yake. Kabla ya kila mtupo huru anaweka mkono kifuani, ananitazama. Uwanja mzima unajua ni mimi! Nahodha akanitania, "Shemeji, umemlisha nini huyu? Pasi hatoi mpaka akuone!"

Jumatano, 13 Novemba
Ameanguka bafuni. Nilimwita, haitiki. Labda dakika nzima. Midomo ya kijivu. Alipozinduka akasema ni uchovu tu wa mazoezi, nisimwambie mtu.
Mama mkwe alisikia kishindo. Ni ndoo imeanguka, mama, nikamwambia. Akaendelea kukunja nguo.
"Marehemu baba yake naye alikuwa akiangusha ndoo."

Alhamisi, 21 Novemba
Daktari wa timu ameleta fomu ya afya. Nimemjazia mpenzi wangu, mwandiko wake kama kuku kapita. Swali la tisa: umewahi kuzimia? Kalamu ikasimama. Akanibusu shingoni. Ukiandika ndiyo, mke wangu, nakaa benchi mpaka msimu uishe.
Nimeandika Hapana. H kubwa, ya mapambo.

Jumamosi, 7 Desemba
Fainali! Naandika jukwaani, daftari gotini, mikono inataka kazi. Mapumzikoni nahodha alinipitia. Mumeo hataki maji, shemeji, anasema maji yake ni wewe! Wenzangu wakacheka. Mimi sikuweza.
Robo ya mwisho. Anakimbia kama aliyebeba mtu mgongoni.
Sekunde nane. Wametuzidi pointi moja. Amechezewa faulo — mitupo miwili, yake!
Mkono kifuani. Jukwaa lote linanigeukia, vigelegele, shemeji, shemeji!
Lakini hanitazami. Anatazama sakafu.
Mkono bado uko pale. Vidole vimekamata jezi.
Daktari wa timu yuko benchi, hatua kumi kutoka kwake. Naye anapiga makofi. Anatabasamu, ananipungia.
Nimesimama. Namwita, kelele zinanimeza.
Mwamuzi anampa mpira. Haupokei —