Mama Kola, Doa Halipigwi Pasi

Leo mwaka umetimia, mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka ukiwa umeacha nguo za watu zimerundikana kwenye beseni. Tulizifua sisi, tukazianika, wenyewe wakaja kuzichukua huku wakilia. Hatukujua kunyoosha kola kama wewe, na siku hiyo hakuna aliyelalamika.

Mtaa mzima walikuita Mama Kola kwa sababu hukuweza kuvumilia kola iliyojikunja, hata ya mtu usiyemjua. Ulimsimamisha bwana harusi mlangoni mwa ukumbi, ukamnyoosha shingoni mbele ya wakwe zake, ukamwambia, "Haya, sasa nenda ukaoe." Baba siku hiyo alitamani ardhi ipasuke. Siku hizi akivaa shati hungoja kidogo, kisha hukumbuka kwamba hakuna anayekuja, naye hukaa kitandani.

Kazi yako ilikuwa chumba cha mbele, penye meza ya pasi iliyotandikwa blanketi na dirisha linalotazama kamba za kuanikia. Mteja hakukabidhi nguo kabla hujamuuliza, "Hili doa la nini?" Akisema hajui, ulilinusa, ukalikwaruza kwa ukucha. Damu ina dawa yake, ulisema, mafuta yana yake, chai ina yake, na anayebahatisha huharibu nguo. Tena ulisema doa halipigwi pasi. Ukilipitishia moto kabla halijatoka, limejenga nyumba humo. Kitinda mimba wako, aliyekulia chini ya meza ile, aliyasikia maneno hayo kabla hajajua kuomba maji.

Chini ya meza hiyohiyo ulikuwa na kopo la biskuti lenye picha ya farasi. Yeyote kati yetu aliyepewa dawa hospitali akapata nafuu siku ya pili, kapsuli zilizobaki ziliingia humo, maana hukupenda kitu kitupwe. Jirani akipata mafua, ulimpa mbili. Fundi redio akiumwa jino, tatu. Mtoto akijikata, ulifungua kapsuli ya rangi mbili, ukamnyunyizia unga kidondani, ukampuliza na kumtania mpaka akacheka. Watu walikushukuru na sisi tulijivuna. Hatusemi haya kukuaibisha, mama. Sote tulimeza, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumaliza dozi.

Na kweli mganga hajigangi. Taulo za wateja ulizichemsha, ukazianika juani, ukazipiga pasi mpaka zikatoa mvuke. Bafuni kwetu lilining'inia taulo moja la bluu, nasi sote tulijifutia hilohilo, mwenye jipu na asiye nalo.

Kisha pasi ikakugusa mkono. "Imenibusu tu," ulisema, ukaendelea na mashuka. Siku ya tatu pakavimba jipu jekundu, la moto. Ulilikamua kwa vidole, ukamwita kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Mwanangu, nifungulie mbili."

Akafungua, akanyunyiza. Mkono wake ndio ulionyunyiza, mama, na mwaka mzima ameutazama mkono huo kana kwamba si wake.

Ulipoanza kutetemeka tulikupeleka hospitali. Dawa ya kwanza haikufanya kitu, ya pili nayo haikufanya kitu. Daktari alichukua usaha akaupeleka maabara, waangalie ni kijidudu gani na ni dawa gani inayokiweza. Jibu lilitoka Jumanne. Wewe ulikuwa umetutoka Jumatatu.

Kwenye karatasi ya majibu yaliandikwa majina ya dawa saba, na mbele ya tano kulikuwa na neno moja: sugu. Kitinda mimba aliuliza maana yake.

"Maana yake hazikiwezi," alisema daktari. "Kijidudu chenyewe si kigeni. Kinakaa puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima, wala hawajui. Kinangoja upenyo tu, mkwaruzo, mahali palipoungua. Ila hiki kimeshazizoea dawa."

"Kimezizoeaje?"

"Mtu akimeza mbili tatu akaacha, vile vinyonge vinakufa, vikali vinabaki na kuzaana. Kisha vinahamia kwa mwingine, kwa taulo, kwa wembe, kwa mkono usiooshwa. Mmevipa mazoezi, dada yangu."

Hakusema kwa ubaya. Kitinda mimba aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba.

Msibani wakanong'ona kwamba uchafu ndio uliokuua. Wewe! Wewe uliyekuwa ukiirudia soksi ya mtu mara tatu! Tulitaka kusimama tuwajibu, lakini tungejibu nini? Kwamba waliokuua ni sisi na kopo letu? Tulinyamaza hadi leo.

Miezi miwili baada ya kukuzika, kitinda mimba alijifungua mtoto wa kike. Tukampa jina lako. Sasa somo wako ana miezi kumi, ana meno mawili, na akishika nguo ya mtu haachi mpaka aivute shingoni. Tulisema, basi, Mama Kola amerudi.

Wiki iliyopita akatokewa na jipu pajani, pale nepi inapokwaruza. Asubuhi lilikuwa kama punje ya mtama. Kufika mchana wa siku ya pili lilikuwa limevimba, na mwili wake ulikuwa moto. Ndipo baba akaingia na kopo la farasi. Tulidhani lilitupwa zamani. Kumbe alilificha chini ya kitanda, kwa sababu ulilishika wewe.

"Za mama yenu hizi," alisema. "Alitibu nazo mtaa mzima."

Dada mkubwa alipotoka kazini alimkuta mdogo wake amepiga magoti mbele ya mtoto, kapsuli vidoleni, nusu imeshafunguka.

"Unafanya nini?"

"Niache."

"Baada ya yote yale?"

"Niache, dada! Nikimpeleka watanipa karatasi nyingine. Sitaki. Bora nisijue!"

Mtoto alikuwa akilia, baba naye analia, amesimama katikati ya chumba na kifuniko cha kopo mkononi. Dada mkubwa hakumnyang'anya mdogo wake chochote. Alikaa naye sakafuni.

"Mama alikuwa akimuuliza nini mteja, kabla hajagusa nguo?"

Kitinda mimba aliishusha kapsuli. Unga ukamwagika kidogo kwenye gauni lake, na kwa mtoto haukufika.

"Hili doa la nini," alisema hatimaye.

"Basi twende tukaulize."

Alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni. Akalifunika jipu kwa kitambaa safi, hakulikamua, akambeba mwanawe. Alipofika mlangoni akarudi, akachukua ile karatasi yako kwenye mkoba. Ameichukia mwaka mzima, mama, na mwaka mzima hajathubutu kuichana. Daktari aliisoma mara mbili. Akalipasua jipu mwenyewe, akachukua usaha upimwe, na hakubahatisha wala hakungoja majibu. Siku ileile alianza na mojawapo ya zile mbili zilizobaki. "Karatasi hii imetupunguzia siku tatu," alisema. Siku tatu ambazo wewe hukuzipata.

Majibu ya mtoto yametoka. Ni kijidudu kilekile. Tano zilezile, sugu.

Leo tunaandika haya pembeni mwa kitanda chake. Jana homa ilishuka tukaanza kucheka, leo asubuhi imepanda tena. Muuguzi anasema tungoje, na tunapomtazama usoni anatazama dripu. Kitinda mimba hali chakula. Hambusu mtoto bila kunawa, na amenawa mpaka ngozi ya vidole imepasuka, muuguzi akambandika plasta akamgombeza kwa upole. Kila sindano inapoingia anasema kwa sauti, "Tutamaliza zote," kana kwamba kuna mtu amembishia. Tunaogopa, mama. Hatuna namna nyingine ya kulisema.

Nyumbani lile taulo la bluu halipo tena. Kila mtu ana lake na msumari wake, na la baba utalijua hata huko uliko, maana amelishonea kola. Wembe wake haushikwi na mwingine. Mwenye kidonda anakifunga. Sabuni iko mlangoni, na mgeni asiyenawa hapewi mkono. Ungetucheka, kisha ungetuuliza tulikuwa wapi siku zote.

Haya tunayokwambia watu wanayasikia, nasi tumekusudia wayasikie. Yeyote aliyebakiwa na kapsuli kutoka kopo la Mama Kola, asizimeze, asimnyunyizie mtoto, asimpe jirani. Azirudishe duka la dawa wazitupe wao. Anayeumwa aende akaulize kwanza ni ugonjwa gani, na akipewa dozi aimalize hata akijisikia mzima. Fundi redio ameshaleta zake tatu, zimefungwa kwenye leso. "Nilizitunza kama kumbukumbu yake," alisema. Tusamehe, mama. Ulitoa kwa moyo mweupe, na sasa tunapita nyumba kwa nyumba tukiokota wema wako kapsuli moja moja.

Tuna ombi moja kwako, na ndilo lililotufanya tukuandikie leo badala ya kukaa kimya kama mwaka jana. Somo wako hujamwona. Tunajua ungependa kumbeba, na tunajua jinsi ulivyokuwa ukipokea watoto wa watu, mikono wazi, hata wakiwa na matope. Huyu usimpokee. Ukimwona anakuja, mnyooshee kola yake, mgeuze, umrudishe kwa mama yake.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye kopo ameliosha na kulianika juani; na binti yako mkubwa; na kitinda mimba wako, ambaye tunakuomba umwambie kwa njia yoyote unayoijua kwamba humlaumu; na wateja wako wote wa chumba cha mbele; na somo wako, kitanda cha tatu kutoka dirishani, ambaye bado amebakiza sindano nne.

Hatutakusahau, Mama Kola, kesho wala siku zote.