Leonard Wojtasik na Kadi Yenye Masharubu

Mwaka umetimia, Baba Marcella, tangu ulipoanguka kwenye theluji mbele ya nyumba yetu hapa Erie, vifurushi vya posta vikiwa kwapani. Ulituacha bila kutuaga. Na meza ya kulia chakula bado imejaa kadi zako za picha za wachezaji wa besiboli, kwa hiyo usidhani hasira yangu imekwisha kwa sababu wewe umekwisha.

Ulikuwa mtu mwema, hilo sikunyimi. Miaka yote uliyokuwa fundi bomba, hukumwacha mjane yeyote wa parokia akae na bomba linalovuja hadi Jumatatu. Uliimba vibaya kanisani kwa sauti kubwa. Ulikula pierogi za kabichi, yale maandazi yetu ya Kipolandi ya kuchemsha, ukaacha za viazi kwa ajili yangu, ukijua ndizo nizipendazo.

Lakini zile kadi, jamani! Ulipostaafu ulinunua boksi moja la kadi mpya, ukaniambia ni la kupoteza wakati. Ukaingia mtandaoni. Kadi kumi mpya ukabadilishana na moja ya miaka ya sabini, na za sabini ukazitoa upate ya sitini. Kila nikikuuliza utaacha lini, jibu lilikuwa lile lile.

"Bado kidogo, Bernadine. Hii naitoa nipate ya zamani zaidi."

Wigilia, usiku wa mkesha, tulikula chakula cha Krismasi jikoni tumebanana, kwa sababu mezani palikuwa na kadi ambazo eti hazitaki mvuke wa supu. Supu ya mamangu ilifukuzwa mezani kwa ajili ya wanaume waliokufa zamani wakiwa wameshika magongo.

Mwishowe ukaipata ile ya mwaka 1911, ndogo kama kiberiti, yenye picha ya mrushaji mpira mwenye uso wa kaimati. Ulimpigia simu dada yako Eunice, ukalia. Ukasema tukuzike nayo. Basi siku ya mazishi mimi na Marcella tulipekua nyumba nzima, watu wakisubiri kanisani, tusiione. Nilikukasirikia ukiwa umelala mle ndani ya jeneza, Mungu anisamehe. Nikasema huyu bwana hata leo ananichezesha kibe.

Ijumaa moja ya Kwaresima, nakaanga samaki, simu ikalia. Ni mtu wa Dakota Kaskazini, Orrin Tvedt, mpole sana, anaomba kuzungumza na wewe. Nikamwambia umefariki.

"Pole sana, mama. Basi yaishe, sitakusumbua."

"Yaishe nini? Sema."

"Tulibadilishana kadi. Mimi mgeni kwenye mambo haya, yeye mzoefu, na desturi yetu mgeni ndiye anayetuma kwanza. Nilituma. Yake haijafika. Lakini kama mtu amefariki, basi."

"Alikuahidi kadi gani?"

"Ya 1911."

Nilizima jiko. Marcella alikwenda kwenye vile vifurushi ulivyoanguka navyo, ambavyo jirani alivirudisha mezani na hakuna kati yetu aliyepata moyo wa kuvigusa. Cha tatu kilikuwa na jina la Orrin, kwa mwandiko wako. Akakifungua. Mrushaji wako alikuwemo, katikati ya makaratasi magumu mawili, amefungwa vizuri kuliko ulivyokuwa ukifunga zawadi zangu.

"Mama, hii haitoki humu ndani," Marcella alisema. "Baba aliitafuta kadi hii mpaka akafa. Hii ndiyo baba mwenyewe."

"Babako alimpa mtu neno lake."

"Kwa kubadilishana na nini? Huyo mzee alituma takataka. Bahasha yake niliifungua wiki ile ya mazishi. Kadi ya mwaka hamsini na nne, imechorwachorwa kwa wino. Nimeitia kwenye boksi la vitu vya mnada wa kanisa."

Nilirudi kwenye simu nikiwa tayari kumpasha. Nikamuuliza, bwana, mume wangu alikuwa na akili zake timamu? Maana kadi iliyochorwa hata mimi najua haina thamani.

"Alikuwa nazo, mama," alisema Orrin. "Miaka mingi alikuwa akiuliza kila mtu mtandaoni: nani ana kadi za wachezaji wa New York za mwaka hamsini na nne, zimetiwa masharubu kwa wino wa buluu na jino moja la mbele kupakwa jeusi? Watu wakamcheka. Wengine walimtumia zilizo safi kabisa, bure, akazirudisha. Mimi marehemu baba alikuwa dereva wa lori, alinunua boksi la kadi hizo kwenye mnada wa kanisa huko huko kwenu Erie. Zote zimepotea, imebaki hiyo moja."

Nikakaa kwenye kiti kilichojaa kadi.

Kaka yangu Casimir aliichukia timu ya New York kuliko dhambi. Kila mchezaji wao kwenye kadi zake alimtia masharubu ya kujikunja ncha, halafu anamng'oa jino kwa kalamu, mimi nikicheka hadi tumbo liniume. Alikwenda Vietnam, hakurudi. Mama hakustahimili kuviona vitu vyake, akavigawa vyote kanisani, viuzwe mnadani. Sikubaki na chochote alichokigusa kaka yangu kwa mkono wake.

Hayo nilikusimulia mara moja tu, Leonard. Nilikuwa namenya viazi. Wewe ulikuwa umenipa mgongo, macho kwenye kompyuta, ukajibu "mm." Nilikasirika siku mbili. Nilimwambia Eunice, kuzungumza na ndugu yako ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Marcella alikimbilia gereji na kulipindua lile boksi la mnada sakafuni. Kidogo tu kadi ile ingeuzwa tena na kanisa lile lile. Aliniwekea mkononi kadi ya mdakaji mpira wa New York, masharubu yamejikunja, jino hana.

"Mama, kesho nitaipeleka ile nyingine posta," alisema.

"Hapana. Naipeleka mwenyewe, sasa hivi."

Samaki tulimla baridi.

Ungeniambia, mwanaume wewe. Miaka yote nakugombeza, unanitazama tu na kusema bado kidogo. Kumbe ulikuwa unasikia.

Unakumbukwa na mkeo Bernadine. Mwanao Marcella na mumewe Thaddeus. Dada yako Eunice. Wajane wote wa parokia wenye mabomba yasiyovuja. Na Orrin Tvedt wa Dakota Kaskazini, ambaye hatujawahi kumtia machoni. Misa ni Jumapili, na baadaye karibuni nyumbani kwa supu. Tutainywea jikoni. Casimir yuko mezani, na hataki mvuke.