Babu wa Karatasi

Jumatatu, 2 Machi 2009
Mathiang amekuja tena masjala. Mtoto wa jenerali, mwenye gari jeupe na nyumba Thongpiny, mtaa wa wakubwa — anatafuta nini kwa karani wa mafaili anayelala Gumbo, kwa maskini? Na mkurugenzi wetu ni baba yake mdogo! Akapanda kukaa juu ya meza yangu. "Niaje, msee! Umekula?" Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Akanifungulia kuku mzima wa hotelini. Nimemla kwa woga, hadi mifupa.

Anasema sisi ni wamoja, tulikulia Kenya wakati wa vita. Yeye kwenye shule yenye bwawa la kuogelea. Mimi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwenye foleni ya mahindi. Huyu ni mtu wa usalama.

Jumatano, 4 Machi
Tangazo ukutani: vyeti vyote kukaguliwa.

Cheti changu kinasema Lual Marial. Baba yangu alikuwa Ajang. Alipokufa, Mzee Marial, jirani yetu kambini, alituandikisha mimi, dada na Mama kwenye kadi yake ya posho kama wanawe na mkewe, tusife njaa. Jina la kadi likaenda shule, likafanya mtihani, likaajiriwa. Hapa nani ataelewa? Wataniita mwizi wa cheti.

Saa saba Mathiang akanipeleka Malakia, kwenye kibanda cha chakula cha Babirye, yule Mganda. Dada yangu Athieng hufanya kazi pale. Katikati ya maharagwe Mathiang akauliza, taratibu: "Babu yako anaitwa nani? Na baba yake? Nyinyi ni ukoo gani?"

Siku ileile ya tangazo!

Nikajibu kama mtihani. Mababu wa Marial, wote saba — tuliwakariri kambini kwa ajili ya mahojiano ya kupelekwa Amerika. Mathiang akaweka kijiko chini. "Una hakika?" Hakika kabisa, nikasema. Hakumaliza chakula. Athieng akamwaga chai.

Ijumaa, 6 Machi
Mathiang hakuja. Nimeogopa kuliko siku alizokuja.

Nikamweleza Babirye hofu yangu. Akacheka na mwiko mkononi. "Wewe karani iko nasoma sana lakini akili hakuna! Usalama gani inanunua soda tano kila siku na haikunywa? Huyo kijana iko nataka dada yako!"

Athieng akamalizia, akiwa amenipa mgongo: mama yake Mathiang ni wa ukoo wa Marial.

Mungu wangu. Kwetu posa huanza kwa kuhesabu mababu. Wakikutana popote, ndoa hakuna. Nimemfanya dada yangu kuwa ndugu wa mchumba wake! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Athieng haongei nami. Ananiwekea chakula kilichopoa.

Na jambo dogo, la aibu, linaniuma: kumbe yule kuku alikuwa kwa ajili ya Athieng, si yangu?

Jumanne, 10 Machi
Nimemwambia Mama. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha. Miaka yote ile, akasema, amekuwa mke wa Marial kwenye karatasi. Imetosha. "Utamtaja baba yako."

Nikamkumbusha kazi. Unga wa nyumba hii unatoka wapi?

Akasema Mathiang amegoma kwao, hakubali kuwa yeye na Athieng ni ndugu, kwa hiyo wanakuja Jumamosi kusikia wenyewe. Mwanamume wa nyumba ndiye huhesabu mababu. Yaani mimi. Miaka ishirini na mbili!

Na anayekuja kusikiliza ni baba yake mdogo. Mkurugenzi wangu.

Jumamosi, 14 Machi
Wamefika saa nne. Gari lilikwama kwenye mtaro wa jirani, nusu ya Gumbo ikalisukuma. Mkurugenzi amepewa kiti chetu pekee kilicho kizima. Mathiang, na suti yake mpya, amekalia jerikeni.

Nimekimbilia ndani kuchukua sukari. Mathiang akanifuata — eti kunisaidia kuibeba. Akanong'ona: "Msee, faili yako niliiona Januari. Niliona hiyo Marial. Nilikuuliza ndio useme mwenyewe si yeye baba yenu."

Kwa hiyo aliipekua kweli! Sikukosea!

Nikauliza kama mkurugenzi naye ameiona. "Mimi sijamwambia." Hilo si jibu. Au ndilo?

"Na yule kuku," nikasema, "alikuwa wa nani?"

"Kuku gani?"

"Wa Jumatatu ile."

Akanitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu. "Wako, buda. Ulikuwa na njaa." Akatoka.

Naandika nimesimama. Mama ameita mara mbili. Mkurugenzi anauliza kijana yuko wapi. Nimemwona dirishani akitoa miwani mfukoni — ile anayovaa akisoma mafaili.

Nijaribu hapa kwanza, nione kama mkono utakubali. Lual, wa Ajang, wa

Athieng ameingia. Bado haongei. Amenipokonya sukari, akasogea kando ya mlango nipite.

Sasa sina cha kubeba.