Mama Mbodze, Uliyemfuata Elisha Gerezani

Mama yangu wa imani, Mama Mbodze,

Nimeambiwa kwamba Rabai mvua imenyesha na udongo wa kaburi lako umetulia. Mimi ndiye sijatulia. Siku ya mazishi mchungaji alisema ulikuwa mpole kama njiwa, watu wakaitikia amina. Nilitazama chini. Mimi nilikuona ukimwangusha mwanamume kwa kikaango cha moto, na niliyoyaona siku hiyo ndiyo yaliyonifanya nikuamini tangu hapo kila ulipofungua Biblia.

Tulijuana mwaka ule nchi ilipokuwa ikielekea uchaguzi wa vyama vingi. Nilikuwa nachambua kahawa katika ghala la Shimanzi, nawe ukipikia madereva wa malori kwenye kantini ya mabati mkabala na lango letu. Niliagiza uji. Mdomo ulikuwa umepasuka, nikashindwa kuufumba, uji ukanimwagikia kifuani.

"Umefanywa nini, mwanangu?"

"Nimeanguka, mama."

"Umeangukia ngumi ya nani?"

Ya mume wangu, Elisha. Ulimjua, maana alikula chapati zako kila aliposhusha mzigo. Kanisani walimjua kwa sauti yake ya kwaya. Mimi nilimjua kwa mkanda wake. Alinipiga huku akikariri aya ya wake kuwatii waume, kila neno na pigo lake, hata ikawa aya ile ikisomwa ibadani mwili wangu unajikunja wenyewe.

Wazee wa kanisa walikuwa wameniambia nivumilie. Wewe ulingoja madereva wamalize chakula cha mchana, ukapangusa meza, ukanipa Biblia nisome kwa sauti habari za Daudi akimpigia Sauli kinubi. Nilisoma kwa kusitasita. Mkuki ukarushwa, Daudi akaukwepa. Kisha usiku mkewe akamteremsha dirishani, akakimbia.

"Umeona nini?" ukaniuliza.

"Alikimbia."

"Na Mungu alimkasirikia kwa kukimbia?"

Nilirudi kuipitia tena sura nzima nikitafuta hasira hiyo. Sikuiona.

"Basi," ukasema, ukaenda kuosha sufuria zako.

Ndivyo ulivyonifunza. Kisa kimoja kwa juma, na kabla hatujakutana tena ni lazima niwe nimemsimulia mtu mwingine. "Neno ukilimeza peke yako litakuchachia tumboni," ulikuwa ukisema. Nilimsimulia mwanamke mmoja aliyeuza nyanya Makupa kisa cha Daudi, akaacha nyanya zake na kuniuliza, "Huyo Sauli hakuwa na ndugu wa kumshika mikono?" Nilipokuletea swali hilo ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa kanga. Baadaye mwanamke huyo alikaa nasi mezani.

Ulijua nina mimba kabla sijakwambia. Elisha naye alijua. Alinikuta nyumbani nikisoma, akaniuliza nani ananifundisha kiburi. Alinivuta nywele mpaka chini, akanikanyaga tumbo kwa buti zake za kazi. Nilijikunja, akanikunjua kwa teke la mgongo, akakanyaga tena. Majirani walipovunja mlango, sakafu ilikuwa damu tupu na mwanangu hakuwa tena ndani yangu.

Ulikuja hospitalini ukaniosha mapaja kwa mikono yako. Hukuniombea kwa sauti. Ulipomaliza uliniuliza tu, "Sasa dirisha liko wapi?"

Nikasema, "Kwako, mama." Ukanipeleka Buxton, ukanipa kitanda chako, wewe ukalala kwenye mkeka.

Elisha alitufuata kantini, mchana, watu wakila. Alikuwa na chuma cha kufungulia magurudumu. Alikuja moja kwa moja kwangu, nawe ukaingia katikati. Pigo la kwanza lilikuangukia mkononi. Nilisikia mfupa ukikatika, mama, kama kuni kavu, na mkono ukaning'inia. Alipoinua chuma mara ya pili, ulinyakua kikaango mekoni kwa mkono uliobaki ukampiga nacho sikioni. Ngozi ililia juu ya chuma cha moto. Akaanguka kati ya mabenchi.

Hapo madereva wakamrukia. Walimkanyaga uso hata meno yakatapakaa sakafuni. Mmoja akaingia na tairi bovu la kumvika shingoni, mwingine akaitisha petroli. Nami nilitaka. Nilisimama pale nikitaka kuona akiungua.

Ulipenya katikati yao, mkono unaning'inia, ukasimama juu yake miguu huku na huku.

"Hauawi mtu hapa! Anayetaka kumchoma anianze mimi!"

Mzee Athumani, yule dereva aliyezoea kukaa benchi la mbele, ndiye aliyelitupa nje lile tairi. "Mwacheni, jamani," akasema. "Mwenye kuvunjwa mkono amesema."

Mahakamani ulisema yote, mkono ukiwa kwenye plasta. Wazee wa kanisa walikuomba umsitiri, ukakataa. Akafungwa. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe ulikuwa ukienda gerezani na Biblia ileile. Nilipojua nilikupigia kelele majirani wakatoka.

"Unampelekea Neno aliyemuua mwanangu?"

"Simpelekei msamaha wako. Huo ni wako, sina ruhusa ya kuugawa. Nampelekea Neno."

"Akitoka akakujia tena?"

"Kikaango bado ninacho."

Nilihama kwako kwa hasira. Nilikupita njiani bila kukuamkia, nawe ukaniamkia wewe mkubwa, kila mara, mpaka aibu ikanirudisha mezani. Sikukuuliza habari zake. Siku moja ukanieleza mwenyewe kwamba ametoka, anakaa bara, na kwamba ulimpa somo moja tu la toba: asivuke daraja la Makupa kuja kisiwani kunitafuta, hata kuniomba radhi, mpaka mimi nimwite. Sikumwita. Na kweli hakuvuka.

Siku ya kukuzika alikuja Rabai. Alisimama mbali, barabarani, mdomo umebonyea pasipo na meno. Akamtuma mama mmoja aniulize kama anaweza kusogea atie udongo kaburini mwako. Watu wote walinitazama. Niliutafuta msamaha moyoni, mama, kwa unyofu kabisa, sikuupata. Naomba usinihuzunikie. Nikamwambia yule mama, "Mwambie angoje niondoke, kisha atie."

Akangoja. Niliweka udongo wangu, nikakaa nilivyotaka kukaa, nikalia nilivyotaka kulia. Kisha nikaondoka, na njia ya kwenda kwenye gari ilipita pale aliposimama. Akashuka mtaroni kunipisha. Nilimpita, nikampa mgongo, nikatembea polepole, wala mwili wangu haukujikunja.

Pumzika, mama. Sisi kwenye meza yako tunaendelea kusoma.

Ni mimi,
binti yako wa imani.