Muzamil Jukwaani kwa Mgombea

Mwaisha, shoga, uko wapi? Mume wangu kanitoa roho leo!

Si unamjua mgombea ubunge anayeigharamia timu anayoifundisha Muzamil? Leo mkutanoni Mikindani kamwita jukwaani: "Kocha, waambie wananchi nimesajili washambuliaji wangapi!"

Muzamil kashika maiki. Kisha kasema, "Mheshimiwa, sijamwona hata mmoja. Ila kipa wetu umemuuza, na hela yake ndiyo hizi fulana za kampeni."

Shoga, kasema! Umemuuza! Mbele ya watu wote!

Mgombea akacheka, akamnong'oneza, "Timu huna tena."

Muzamil akashuka jukwaani. Nikajua wachezaji, nao wamevalishwa fulana hizo, watamkana. Wapi! Wakavua zile fulana mmoja mmoja, wakamfuata.

Sasa wamejaa uani kwangu vifua wazi, na mie nina samaki watatu tu.