Nilisema Ninayekunywa ni Mimi

Mama yangu mpendwa,

Ukisikia huko Machochwe kwamba binti yako amekuwa mlevi, usilie. Sijawahi kuonja pombe. Lakini maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, mbele za watu, na ukweli wake sijamwambia mtu yeyote ila wewe. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hupokelewa na mjomba.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa jikoni tukimsikiliza baba akirudi? Akiwa mzima alikohoa tu na kusukuma mlango. Akiwa amekunywa alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe akabisha, "Hodi wenye nyumba! Mnapokea wageni?" Wewe ulifunika ugali, mimi nikasogeza taa asije akaipiga teke. Asubuhi jirani akiuliza kelele zilikuwa za nini, ulijibu, "Redio." Kisha ukaniambia, "Rhobi, ya baba yako yaishie ndani ya geti." Nimelishika neno hilo hata baada ya wewe kuondoka na mdogo wangu. Ndilo lililonifikisha hapa.

Kanisani walitangaza kikundi cha watu wanaotaka kuacha pombe. Hukutana Turwa kila Jumamosi, kwenye chumba cha mafundisho ya watoto. Nilimwambia baba akiwa anapiga randa mbao za kitanda cha mteja. Alicheka sana. "Nenda wewe, umemaliza shule huna kazi. Ukifika unisalimie walevi wenzangu."

Nikaenda, nikifikiri nitauliza tu namna ya kumsaidia. Watu wazima walikuwa wamekaa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yamefika kifuani. Mzee mmoja alisema, "Mimi nilikunywa ng'ombe wawili na pikipiki." Mwenzake akadakia, "Pikipiki uliimeza na helmeti yake?" Wakacheka wote, hata yeye mwenyewe. Kisha Mama Wankuru, anayekiongoza kikundi na ambaye zamani alikuwa akipika gongo, akanigeukia.

"Na wewe mwanangu? Unakunywa, au kuna mtu nyumbani?"

Karibu yangu alikaa mwanaume aliyewahi kununua kitanda kwa baba. Alikuwa ananitazama. Mama, niliisikia sauti yako kabisa. Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyeshtuka. "Unakunywa nini?" akauliza Mama Wankuru. Nikajibu gongo, kwa sababu ndiyo harufu ninayoijua. Walinipigia makofi kwa kusema ukweli. Nililia, na kilio hicho hakikuwa cha uongo.

Sikukusudia kurudi. Lakini katikati ya wiki Mama Wankuru alikuja hapa kwetu Nyamisangura kunijulia hali. Alimkuta baba kazini.

"Fundi, hongera. Binti yako ana moyo. Kukiri pombe mbele za watu katika umri ule si mchezo."

"Kukiri nini?"

"Kumbe hujui?" Akajiziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

Baba aliweka randa chini. "Rhobi! Unakunywa?"

Ningesema hapana, ningelazimika kueleza nilikwenda kumsema nani. Nikaangalia miguu yangu. Baba akakaa kwenye kitanda ambacho hakijawekwa hata chaga za kubeba godoro. Akauliza polepole, "Ile ninayobakiza kwenye chupa?" Nikatikisa kichwa kukubali. Sijawahi kumwona baba akiwa na uso ule, hata siku ulipoondoka.

Jumamosi alivaa shati lake la kanisani, akanipeleka mwenyewe. Alikaa karibu na mlango na kumwambia kila mtu, "Mimi nimemsindikiza mtoto." Tangu siku aliyoambiwa hajanywa. Anasema anataka nione kwamba inawezekana. Mwanzoni mikono ilimtetemeka hadi misumari ikawa inamdondoka, na Mama Wankuru akampeleka zahanati. Sasa ametulia kidogo. Kila jioni ananiita mlangoni, "Hebu pumua." Ninapumua. Naye akiinama kuninusa, nami ninamnusa. Ananukia vanishi tu, mama. Vanishi na jasho.

Lakini ninaogopa. Wasichana niliosoma nao wameanza kunong'ona, na najua maneno yatafika huko kwenu kabla ya barua hii. Ninaogopa zaidi siku baba atakapojua sijawahi kugusa ile chupa. Atasema nilimdanganya, nilimwaibisha, na atapata sababu ya kurudia pombe. Jumamosi iliyopita alisimama, mara ya kwanza. Alisema, "Mimi ni baba yake Rhobi. Nimekuja na mtoto, lakini..." Akakaa. Hakumalizia. Yule mzee wa pikipiki akamwambia, "Hiyo 'lakini' tutaisubiri, fundi. Viti hivi havikimbii."

Na mimi ninaisubiri. Siku atakapomalizia kwa kinywa chake, nitamweleza yangu, hata akinichapa. Kabla ya hapo siwezi.

Kwa hiyo nakuomba, mama. Shangazi wakikujia na habari zangu, usinitetee. Mjomba akikugombeza kwamba umelea mlevi, vumilia, najua ninakuomba kitu kizito. Na baba akikupigia kukupa pole kwa ajili yangu, ipokee. Jana aliingia ndani kwa kukohoa tu. Nilikuwa jikoni peke yangu, nikatamani ungesikia.

Haya yaishie ndani ya geti, mama. Safari hii ni mimi ninayekuomba.

Binti yako,
Rhobi